Neema na kazi ya majistra wa jeshi

Bukavu, Jumapili 21 Julai 2024

Papa Neema, ndugu yangu,

Barua yako imenifikia, na mimi na wa nyumbani tunamshukuru Mungu kwamba wote mko wazima huko Lubumbashi. Hongera nyingi kwa Neema kumaliza sheria UNILU, chuo kikuu chenu cha Lubumbashi. Mwambie baba yake mdogo wa Bukavu amefurahi mpaka amewatangazia majirani wa Kadutu waliomwona akitambaa.

Sasa swali lako. Binti anataka kuingia oditora ya kijeshi, ofisi ya majistra wanaochunguza na kuwashtaki wanajeshi, mama yake hataki hata kusikia, na wewe umekwama katikati. Unasema mimi niliyezeeka nikiwafuata maavoka (mawakili) wa huku Kivu kutoka mahakama moja hadi nyingine nitakuwa na la kusema. Ninalo. Aende. Lakini kwanza ajue jeshi likifanya uovu hujibu namna gani, maana vitabu vya sheria humweleza namna linavyotakiwa kujibu tu.

Nitaanza na Minova kwa sababu ile niliiona kwa macho. Waasi wa M23 walipoingia Goma tarehe 20 mwezi wa 11, 2012, wanajeshi wetu walirudi nyuma kwa barabara ya Sake, wakashukia Minova, huku Kalehe. Maelfu, na njaa, kila mtu na bunduki yake, na hakuna aliyejua amri inatoka wapi. Kwa siku chache walizokaa pale, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika wanawake na wasichana 135 waliobakwa na wanajeshi wa serikali, Minova yenyewe na vijiji vya kando. (Waliandika na makosa ya M23 upande wa Goma, usidhani nawatetea hao.)

Kilichoiamsha Kinshasa, ndugu yangu, si kilio cha Minova. Batalioni mbili zilitajwa sana, ya 391 na ya 41. Ile ya 391 ilikuwa imefunzwa na Wamarekani huko Kisangani, na masomo ya haki za binadamu yalikuwemo. Mwezi wa tatu 2013 Umoja wa Mataifa ukasema wazi: msipofuata jambo hili, batalioni hizo hazitapata tena msaada wetu. Ghafla maofisa 12 wakasimamishwa, na dosiye (mafaili ya kesi) zilizokuwa zimelala zikaanza kutembea. Neema ashike hilo kwanza. Serikali ilisogea ilipoguswa mahali inapoumia, na mahali penyewe palikuwa mafuta, chakula cha askari na sura yake mbele ya wageni.

Kesi ilifunguliwa Goma mwezi wa 11, 2013, mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni, ile ambayo hukumu yake haina rufaa. Mwezi wa pili uliofuata mahakama ikaja Minova kwa siku chache kuwasikiliza wanawake. Walikuja wamefunikwa kichwa mpaka miguuni ili wasitambulike, ingawa katika mji mdogo kama ule mtu hutambulikana hata kwa mwendo. Nakumbuka mmoja aliyeulizwa na jaji kama anaweza kumtambua mwanajeshi aliyemtendea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Tochi alikuwa nayo yeye. Mimi niliona tochi." Akaulizwa batalioni gani. Mama wa mashamba, usiku, mlango umevunjwa, aijue namba ya batalioni! Karani akaandika kwamba shahidi hakumtambua mshtakiwa. Na kwa haki alikuwa anaandika ukweli.

Hukumu ikatoka tarehe 5 mwezi wa 5, 2014. Washtakiwa walikuwa 39. Waliopatikana na hatia ya ubakaji ni 2. Wengine walifungwa kwa uporaji na makosa ya nidhamu, na maofisa wenye vyeo vikubwa walioshtakiwa waliachiliwa. Wakubwa waliokuwa juu yao hawakufikishwa hata mlangoni pa mahakama.

Watu wengi huku walisema majaji wamekula pesa. Mimi sisemi hivyo, na ningependa Neema asikimbilie maneno hayo, kwa sababu yanatuzuia kuona palipovunjika. Dosiye ile iliharibika tangu uchunguzi. Walimtafuta mwanajeshi wa kila mlango, jambo lisilowezekana gizani, badala ya kumtafuta aliyekuwa na jukumu la kuwazuia wale maelfu. Mkataba wa Roma, ambao nchi yetu imeuridhia tangu 2002, una kifungu cha 28. Kinasema mkuu wa jeshi ana hatia kama alijua, au alipaswa kujua, kwamba watu wake wanatenda uovu, na hakuwazuia wala kuwapeleka mbele ya sheria. Ili kumshika mtu kwa kifungu hicho huhitaji tochi. Unahitaji karatasi: nani alipokea amri ya kukusanya vikosi Minova, nani aliongea kwenye redio na nani, ripoti ya asubuhi iliandikwa nini, nani aliisoma. Karatasi hizo ziko mikononi mwa jeshi lenyewe. Avoka wa wahanga hawezi kuzifikia. Majistra wa jeshi, akitaka kweli, anaweza kuzidai. Ndiyo maana nakuambia aende.

Angalia Fizi. Usiku wa tarehe 1 mwezi wa 1, 2011, wanajeshi waliushambulia mji wa Fizi, wakabaka wanawake. Siku hamsini hivi baadaye, tarehe 21 mwezi wa pili, mahakama ya kijeshi iliyohamia Baraka ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Pale wanawake walimfahamu mkubwa wa kikosi, walimzoea mjini, na uchunguzi ulifanyika kabla watu hawajatawanyika. Ilionekana basi kwamba kanali anaweza kushikwa.

Jenerali ni habari nyingine. Kwa sheria zetu za 2002, jaji wa kijeshi hawezi kuwa na cheo kilicho chini ya cha mshtakiwa. Kwa hiyo kadiri mtu anavyopanda, ndivyo wanaoweza kumhukumu wanavyopungua, na jenerali hajibu popote isipokuwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi huko Kinshasa. Jérôme Kakwavu alipopewa miaka 10 mwaka 2014, akiwa jenerali wa kwanza kwetu kuhukumiwa kwa ubakaji, tulishangilia kama vile timu imechukua kombe. Miaka kumi sasa imepita na bado tunamtaja huyohuyo.

Jambo la haraka nalo lisimdanganye. Mwaka jana, tarehe 30 mwezi wa nane, wanajeshi, na walinzi wa Rais wakiwemo, waliwafyatulia risasi watu wa dhehebu moja Goma waliokuwa wanajiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Walikufa zaidi ya hamsini. Picha zilizunguka kwenye simu siku ileile, miili ikitupwa garini. Wiki haikuisha kesi ikafunguliwa, na tarehe 2 mwezi wa 10 Kanali Mike Mikombe akahukumiwa kifo. Watatu wakapata miaka 10, wawili wakaachiliwa. Nilifurahi kuona kanali kizimbani, sikufichi. Ila swali la nani alipanga operesheni ile na nani aliidhinisha lilipita mahakamani mbio, kama gari la wakubwa linavyopita sokoni.

Halafu mwezi huu, tarehe 3, kule Lubero, baada ya mji wa Kanyabayonga kuanguka mikononi mwa M23, wanajeshi 25 walihukumiwa kifo kwa kumkimbia adui na kuiba madukani. Kesi yote ilichukua siku moja. Siku moja, Papa Neema! Wanawake wa Minova walingoja mwaka mzima ili jaji wa kwanza aketi tu. Jeshi linaweza kabisa kuhukumu, na kwa kasi, likiona lenyewe ndilo lililokosewa. Na tangu mwezi wa tatu serikali imerudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo uliokuwa umesimama tangu 2003, kwa hiyo Neema anaweza siku moja kuombwa atie saini chini ya kitu cha namna hiyo. Aliwaze hilo akiwa bado nyumbani, kabla ya kuvaa sare.

Usije ukasema ni Kongo tu. Mwambie asome habari za My Lai, huko Vietnam. Tarehe 16 Machi 1968 askari wa Marekani waliua wanakijiji mia kadhaa, Wavietnam wanahesabu 504, na ripoti ya kwanza ya jeshi ikasema adui 128 wameuawa vitani. Uongo huo ulidumu zaidi ya mwaka, mpaka mwanajeshi mmoja aliyesikia habari kwa wenzake akawaandikia wakubwa wa Washington. Mwisho wa yote aliyetiwa hatiani ni luteni mmoja, William Calley. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, Rais Nixon akaagiza atolewe gerezani akae kwake, na miaka mitatu na ushee baadaye alikuwa huru. Kapteni wake aliachiliwa na mahakama. Nchi tajiri, yenye majaji waliosoma, na bado hesabu ya kesi inashuka mpaka kwa mdogo kuliko wote.

Na Waingereza? Wazee wa Mau Mau wa Kenya waliteswa kambini miaka ya 1950, na serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa mwaka 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu zaidi ya 5,200. Kilichowabana, pamoja na ushuhuda wa wazee wenyewe, ni mafaili ya ukoloni yaliyofichwa kwenye ghala moja huko Hanslope Park. Karatasi tena. Kama hakuna karani aliyeandika na kuhifadhi, wazee wale wangeambiwa mambo ni ya zamani, nendeni nyumbani.

Kuhusu fidia sina mengi mazuri. Mahakama zetu huandika kiasi vizuri sana. Katika kesi ya watoto wa Kavumu waliobakwa, mwezi wa 12 mwaka 2017, watu 11 walifungwa maisha, mbunge wa mkoa akiwa mmoja wao, na kila mtoto aliandikiwa dola 5,000. Serikali ikatolewa kwenye deni, ingawa wazazi walikuwa wamelalamika miaka mitatu bila mtu kuamka. Mfungwa wa maisha atalipa na nini? Lakini serikali hiyohiyo ikiwa yenyewe ndiyo inayodai, hesabu inaijua: mwaka 2022 mahakama ya The Hague iliiamuru Uganda itulipe dola milioni 325 kwa vita vile vya kina Kisangani na Ituri, na awamu ya kwanza ya milioni 65 ililipwa mwaka uleule. Sheria ya mwezi wa 12, 2022 imeunda sasa mfuko wa kuwalipa wahanga. Sitausema vibaya kabla haujakua. Nawajua akina mama wanaouliza habari zake kila wakija ofisini, nami huwaambia wahifadhi nakala ya hukumu kwenye plastiki, mbali na maji.

Mama Neema anaogopa jeshi litamharibu mtoto. Umwambie ana haki ya kuogopa. Majistra wa jeshi hupandishwa cheo, huhamishwa na huadhibiwa na ngazi ileile anayotakiwa kuichunguza. Nimewaona waliokuwa wakali wakapelekwa mahali pasipo na hata mashine ya kuandikia. Nimewaona pia wawili watatu waliobaki wakali, na nitakuambia walichofanana: hawakusubiri kelele za wageni. Habari ikitokea asubuhi, jioni wako kwa mganga mkuu wa hospitali wakiomba vyeti, na kesho yake wako kwa ofisa wa redio wakidai daftari, kabla halijapotea. Hawakuwa mashujaa wa kupiga kelele. Walikuwa watu wa daftari, na binti yako, nikimkumbuka alivyokuwa akiandika madeni ya duka la mama yake, ana damu hiyo.

Kwa hiyo afanye hivi. Kabla ya kujaza fomu, atafute hukumu ya Minova na ile ya Baraka, azisome bega kwa bega, aniandikie kurasa mbili: katika ile ya kwanza yeye angeanza kumhoji nani. Asiniandikie maneno ya haki na amani, nataka majina ya vyeo na aina ya karatasi. Akishindwa, atafute kazi benki, hakuna aibu. Akiweza, kuna avoka mmoja hapa aliyefuata kesi zote mbili ambaye yuko tayari kuongea naye kwa simu, Jumamosi mchana, umeme ukiwepo.

Nakutumia sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa yule kijana wa ndege. Mama Neema asiwape majirani zote. Na unijibu upesi kuhusu lile deni la mashine ya kushonea, dada yako ananiuliza kila siku.

Wako,
Papa Ombeni