Amri ya kufuta mipangilio isivuke ilichoombwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wanaounda programu zinazoendeshwa kwa kuandika amri. Amri ya kuweka mipangilio huifikiria vizuri. Ya kuifuta huibandika mwishoni, na hiyo ndiyo inayowaumiza watumiaji.

Anayefuta anaweza kutaka mambo matatu tofauti: kuondoa thamani aliyoiweka ili ya awali irudi, kuacha thamani iwe tupu, au kusafisha mipangilio yote. Kila moja lipewe amri yake. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi ya mradi, husoma mipangilio ya kompyuta nzima, kisha ya mtumiaji, kisha ya mradi. Ukitumia `git config --unset` ndani ya mradi, unagusa faili la mradi tu. Proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano) iliyowekwa kwenye faili la mtumiaji itaendelea kufanya kazi. Kuizima kwa seva moja, tuseme ile iliyopewa jina `origin`, unaweka `remote.origin.proxy` kuwa tupu. Kuondoa na kuacha tupu ni kazi mbili, na programu yako inazihitaji zote.

Hatari kubwa zaidi ni pale neno lililosahaulika linapopanua ufutaji. Kwenye macOS, `defaults delete com.apple.dock autohide` huondoa mpangilio mmoja. Ukiacha neno la mwisho, mipangilio yote ya Dock, ule upau wa programu kwenye skrini, inafutwa, tena bila kuulizwa. Sasa weka amri hiyo kwenye skripti (faili la amri zinazojiendesha zenyewe), jina la mpangilio likishikwa na kigeu `$jina` bila alama za kunukuu. Siku `$jina` likiwa tupu, sheli, yaani programu inayosoma amri, inaliondoa kimyakimya na amri inakuwa ile ya kufuta vyote. Waundaji wa GNOME, mazingira ya skrini ya Linux, walilitazama hili vizuri: `gsettings reset` hushughulikia mpangilio mmoja, na anayetaka vyote lazima aandike `reset-recursively`. `dconf reset` nayo hukataa njia inayoishia kwa mkwaju (`/`), yaani kundi zima la mipangilio, mpaka uongeze `-f`. Huo ndio mfano wa kufuata: aliyeandika pungufu apate kosa.

Halafu kuna namba ambayo amri huirudisha ikimaliza: 0 ni kufanikiwa, nyingine yoyote ni kosa. `git config --unset` hurudisha 5 mpangilio usipokuwepo, na hurudisha 5 hiyohiyo ukiwepo mara mbili, ambapo haikufuta chochote. Mwenye skripti, akichoka kuona kazi inakatika kwa sababu hakukuwa na cha kufuta, huongeza `|| true`, inayofanya kila kosa lipuuzwe. Kuanzia hapo hata hali ya pili inapita bila kuonekana, na thamani mbili zinabaki palepale. Kwa maoni yangu, kama mpangilio haupo tayari, rudisha 0, maana lengo limetimia; zikiwa thamani nyingi, rudisha namba yake pekee na utaje mistari husika.

Baada ya kufuta, programu iseme thamani gani inatumika sasa na imetoka faili lipi, kama `git config --show-origin` inavyoonyesha. Bila hilo mtumiaji atafuta mara tatu akidhani amri ni mbovu.

Kabla ya kuitoa, ijaribuni katika hali tano: mpangilio upo, haupo, upo mara mbili, upo kwenye ngazi nyingine tu, na jina limeachwa tupu. Hiyo ya tano isifute hata mstari mmoja.

Mtengeneza programu,
Morogoro