Salamu za Sikukuu ya Jamhuri kutoka Lamu

Ndugu na jamaa zangu, mlioko visiwani na mlioko ugenini, assalaam aleikum. Desemba imeingia, kaskazi imeanza kuvuma, wanafunzi wamerudi makwao kutoka shule za mbali, na kesho kutwa, tarehe 12, ni Sikukuu ya Jamhuri. Nawatakia nyote sikukuu yenye afya na amani.

Siku hii imebeba matukio mawili: usiku wa manane wa 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza iliposhushwa Nairobi na ya Kenya ikapandishwa, na mwaka mmoja baadaye, nchi ilipokuwa jamhuri na Mzee Jomo Kenyatta akawa Rais wake wa kwanza. Sisi wa mwambao tuna tarehe ya tatu, ambayo ni nadra kuisikia jukwaani. Tangu 1895 ukanda wetu wa maili kumi, pamoja na visiwa hivi, haukuwa koloni kama bara, bali himaya iliyotawaliwa na Waingereza kwa jina la Sultani wa Zanzibar, ambaye alilipwa pauni 11,000 kwa mwaka na ambaye bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu kule Mombasa. Marehemu bibi yangu alipotaja bendera bila kufafanua, alikusudia hiyo nyekundu. Hii yetu ya sasa aliiita "ya Jamhuri", kana kwamba ni ya mgeni anayeheshimika.

Tarehe ninayoisema ni 8 Oktoba 1963, siku ambayo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliafikiana mjini London kwamba ukanda huu uwe sehemu ya Kenya. Wapo wazee wetu waliotaka mwambao ujitegemee, na sioni aibu kuwakumbuka siku ya sikukuu, kwa kuwa hofu yao ndiyo iliyofanya ahadi ziandikwe: uhuru wa ibada, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kutambuliwa kwa hati za ardhi. Mjane anayepanda leo ngazi za mahakama ya kadhi kudai fungu lake la mirathi anaegemea maafikiano hayo, ingawa huenda hajapata kuyasikia, na Katiba ya 2010 imeyatia nguvu katika ibara ya 170. Kuhusu ardhi siwezi kusema kwa furaha hiyo hiyo, maana wangali wengi pwani hii wanaolima mashamba ya babu zao bila hati mkononi.

Mwaka jana nilisimama Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome yetu ya Lamu, nikimtazama kijana wa skauti akihangaika na kamba ya bendera iliyokwama nusu mlingoti. Punda wawili waliobeba mchanga walipita katikati ya safu ya wageni waheshimiwa, hapana aliyethubutu kuwafukuza, na wazee barazani waliendelea na kahawa yao. Nilikuwa nikiwaza kwamba jengo lile lilikuwa jela hadi 1984, na kwamba ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda, Waingereza waliwaweka kizuizini watu wa Mau Mau waliotolewa mbali kabisa na bahari. Sisi tuliobishana juu ya bendera ipi ipepee, na wao waliofungwa kwa kudai mashamba yao, tulikuwa tukiyatazama maji yale yale. Kamba ilipofunguka, kaskazi iliikunjua bendera mara moja, na watoto wakaanza wimbo wa taifa, ambao sauti yake imetokana na bembelezi la mama wa Kipokomo, jirani zetu wa Mto Tana.

Basi mlioko Mombasa, Nairobi, Oman na kwingineko, msipopata nauli ya kuja, tumeni salamu kwa wazee. Walioko njiani, karibuni. Mahamri na mbaazi vitakuwa tayari tangu alfajiri, na halua tumeshaagiza.

Sikukuu njema.