Mahale haiendewi kwa hesabu ya basi

Mhariri,

Kiangazi kikianza, matangazo ya safari za makundi kwenda kuona sokwe katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale huzunguka kwenye simu za watu wa Kigoma na Tabora: kuondoka Ijumaa, kurudi Jumapili, nafasi thelathini, chakula ndani ya bei. Sisi tunaoongoza wageni na kuendesha boti tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuseme kwamba hesabu hiyo haifungi, na anayeumia ni mchangaji aliyekwisha kutoa pesa yake.

Shida ya kwanza ni idadi. Kanuni ya Mahale ni kwamba wageni wanaosimama na sokwe kwa wakati mmoja hawazidi sita, ukimwacha kiongozi, na saa yao ni moja tu. Kundi la M, lililozoeshwa watu na watafiti wa Kijapani ambao kazi yao huko ilianza mwaka 1965, lina sokwe wapatao sitini, lakini hawakai pamoja kama mbuzi zizini. Hawa watakuwa bondeni wakila matunda, wale ng'ambo ya mgongo wa pili, na kila jioni hutandika vitanda vipya juu ya miti popote giza lilipowakuta. Wafuatiliaji hutoka asubuhi na mapema kuwatafuta, wageni hupanda wakishapatikana. Siku njema mnawafikia kwa nusu saa. Siku nyingine mnapanda kwa muda wa saa nne, mkifika nao wamehama.

Thelathini kwa sita ni makundi matano. Asubuhi moja haiwatoshi, kwa sababu kundi la kwanza likimaliza saa yake sokwe wanaweza kuwa wamekwea mteremko ambao la pili haliuwezi. Ushauri wetu ni kuhesabu makundi mawili kwa siku, si zaidi. Watu 12 wapange asubuhi mbili, ya pili ikiwa ya akiba. Watu 24 wasikae chini ya siku mbili kamili, na tatu ni bora. Wanaosubiri zamu wapangiwe jambo la kufanya, maana msitu wa Kasiha una mbega wekundu, nyani na vipepeo wa kutosha kumshughulisha mtu nusu siku. Kuogelea katika Ziwa Tanganyika ni mpaka kiongozi aseme mahali ni salama, mamba wapo.

Shida ya pili ni njia. Hifadhini hakuna barabara, mnatembea kwa miguu au mnapita kwa boti. Kutoka Kigoma mjini ni kama kilomita 128 kuelekea kusini. Boti ya mwendo kasi huchukua saa nne hadi tano ziwa likiwa tulivu. Boti ya mbao yenye injini ndogo, ambayo ndiyo inayofanya tangazo lionekane rahisi, huchukua saa kumi na mbili au zaidi. Tena kiangazi ndicho msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini, kwa hiyo wakati wa kwenda mnaupokea usoni: mwendo unapungua, mafuta yanaliwa zaidi, watu wanatapika. Ndiyo maana hatukubali kukadiria petroli kwa kuangalia safari ya kurudi. Gawa mafungu matatu, la kwenda, la kurudi, na la tatu lisiguswe. Mbele huko hakuna kituo cha mafuta cha kutegemea. Nahodha awe na plagi za akiba, pini ya propela na kamba ya kuwashia injini, na kila abiria awe na jaketi la kuokolea linalomtosha, amelivaa, si lililokaliwa. Idadi ya abiria ni ile iliyoandikwa kwenye cheti cha ukaguzi cha boti. Mwenye boti akikuambia "hata arobaini wanaingia", anaweza kuwa anasema kweli, mtaingia.

Wa Tabora wanaokuja kwa treni ndio wanaobanwa zaidi. Treni haiji kila siku, na ikichelewa kundi hushuka stesheni ya Kigoma jua limeshapanda, kisha mwandaaji analisukuma moja kwa moja bandarini kufidia muda. Huo ni wakati ziwa linaanza kuchafuka. Laleni Kigoma usiku mmoja, muondoke saa kumi na moja alfajiri. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda boti, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Na nahodha akisema tusimame kijijini tulale, mtiini, jambo hilo halipigiwi kura.

La tatu ndilo tunalobishaniwa sana: mafua. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Mwaka 2006 ugonjwa wa kupumua uliua sokwe wa Kundi la M, na uchunguzi ulikuta virusi vinavyofanana na vya binadamu. Ndiyo sababu ya barakoa, ya kukaa mita kumi, ya kutokula wala kutema mate karibu nao. Barakoa ikilowa jasho haifanyi kazi, na kupanda mlima lazima ilowe, kwa hiyo beba tatu na ivae mpya mnapokaribia. Mwenye miwani abane ule waya wa puani, la sivyo ataona ukungu mtupu. Anayekohoa habebwi juu, hata kama amelipa. Waandaaji wengi hawasemi hili mapema, ndipo mgonjwa anameza vidonge na kujificha. Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kuchanga: atakayezuiwa kwa ugonjwa atarudishiwa nini, na kutoka fungu gani. Watoto nao wana kikomo cha umri. Ulizeni hifadhini kabla ya kukusanya michango ya shule.

Mengine ni madogo. Suruali iingizwe ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Mpaka wa hifadhi unaingia hadi ziwani, hivyo nahodha asitupe ndoano akiwasubiri. Wanaoongeza kilele cha Nkungwe kwenye ratiba ya siku tatu waulizwe wanapanda lini: ni mita 2,462, na huchukua siku mbili hadi tatu pamoja na askari mwenye silaha.

Mwenye siku mbili tu aende Hifadhi ya Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ambako hata boti ya mbao hufika kwa saa chache. Milima yake nayo inachosha magoti, na sokwe wake nao wana kanuni zao.

Tunaomba kila tangazo la safari ya Mahale litaje aina ya boti, usiku mtakaolala huko, na makundi mangapi ya watu sita mtakayogawanywa. Lisilotaja hayo, msilitumie pesa.

Waongoza wageni na manahodha,
Kigoma Ujiji