Afande, picha yangu unaifuta kwa sheria ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua mnazopokea ni nyingi lakini hili jambo limenikaa rohoni miezi mitatu sasa na nimeona bora niliseme. Mimi ni mpiga picha wa mtaani, sio mwandishi wa habari. Napiga harusi, kipaimara, mahafali ya shule, na picha za pasipoti pale kibandani kwangu, ndiyo kazi inayosomesha watoto wangu. Sitataja mji wala kituo maana sitafuti ugomvi na mtu, nataka tu hili suala liongelewe kwa uwazi kwa sababu najua silo langu peke yangu.

Ilivyokuwa ni hivi. Asubuhi kama saa nne mgambo walikuja kuondoa wafanyabiashara waliopanga pembeni ya barabara karibu na stendi, wakaongozana na polisi wawili. Kuna mama lishe mmoja hapo ambaye mchana nakula kwake karibu kila siku, alikuwa ndiyo kwanza kaepua wali. Akawaambia baba zangu nipeni dakika tano tu nitoe vyombo, wala hakubisha, mgambo mmoja akaipiga teke meza. Sufuria ikapinduka, wali ukamwagika kwenye lami unafuka moshi, na yule mama akapiga magoti akawa anauzoa kwa mikono mitupu, unamuunguza, anapuliza vidole, anazoa tena anarudisha kwenye sufuria, wali umeshachanganyika na mchanga, utamuuzia nani. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua kama ishirini hivi, nikatoa simu nikarekodi. Sikusogea, sikumzuia mtu kazi yake, sikutukana.

Hata dakika haikuisha nikashikwa bega kwa nyuma. Alikuwa amevaa kiraia, akasema yeye ni polisi, nikamwomba kitambulisho akaniuliza unanijua mimi wewe. Nani kakuruhusu kupiga picha? Una kibali? Kitambulisho cha uandishi kiko wapi? Nikamwambia afande mimi sio mwandishi. Akasema basi huna haki ya kurekodi, lete simu, fungua. Nikafungua, na anayeniuliza kwanini ulifungua ajue hajawahi kusimama pale amezungukwa na watu wanne wenye virungu. Akaitafuta ile video akaifuta, akaenda mpaka kule zinakokaa zilizofutwa akaifuta na kule, halafu hakuishia hapo, akawa anapandisha picha kwa kidole gumba moja baada ya nyingine, za mke wangu, za wanangu wakiwa wanaoga kwenye beseni, anaangalia tu. Mwisho akaona begi langu la kamera, akachomoa memori kadi akaitia mfukoni akaondoka. Kwenye ile kadi kulikuwa na kipaimara ya Jumapili iliyopita, ya binti wa mteja wangu, misa nzima mpaka sherehe nyumbani, nilikuwa sijaihamishia kwenye kompyuta. Hela ya mteja nimerudisha yote lakini kipaimara hairudiwi, yule binti hana hata picha moja akiwa mbele ya askofu.

Sasa Mhariri tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja. Kama kile nilichorekodi ni kosa la jinai, basi ile video ndiyo ushahidi wa kosa langu, mbona kaifuta? Alitakiwa anikamate, achukue simu kwa utaratibu, anipe risiti, maana Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai hapa kwetu Tanzania inasema polisi akipekua akachukua kitu chako anakupa risiti, nipelekwe mahakamani hakimu aione. Na kama sio kosa, ameifuta kwa mamlaka gani? Nimezungushazunguka hapo kila siku na sijaona njia ya tatu. Nimemuuliza na wakili mmoja mteja wangu nilipompigia harusi ya mdogo wake, naye akaniambia hajui sheria inayompa askari ruhusa ya kufuta picha ya mtu barabarani.

Halafu hili la kibali na kitambulisho cha uandishi linatumika sana kututisha. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaongelea ithibati ya waandishi wa habari, yaani mtu anayefanya uandishi kama kazi yake. Mimi na yule muuza maji na mwanafunzi anayesubiri daladala sio waandishi. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, imesema kila mtu, haikusema kila mwenye kitambulisho. Ukisema asiye mwandishi haruhusiwi kurekodi kinachotokea mbele ya macho yake barabarani, na mwandishi naye ukimkuta unamwambia kibali chako kiko wapi, basi hakuna atakayebaki wa kuona.

Sikatai kwamba kuna sehemu haziruhusiwi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo, kuna maeneo yaliyohifadhiwa, kambi za jeshi na mengine ya namna hiyo, kibao kimewekwa na kila mtu anakisoma, mimi mwenyewe nikipita huko na kamera naiweka kwenye begi nafunga na zipu. Lakini stendi sio kambi. Barabara ya sokoni sio kambi. Na hapohapo niseme ukweli kuhusu sisi wenyewe, wapo wapiga picha na watu wa simu wanaotuharibia. Ajali inatokea, mtu amebanwa kwenye gari analia, watu ishirini wamenyoosha simu hakuna hata mmoja anayevuta mlango, jioni sura ya marehemu iko kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mke wake hajapigiwa simu. Hilo linaniumiza sana, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, wanaofanya hivyo washughulikiwe. Ila kumrekodi askari aliyevaa sare, yuko kazini, barabarani, mchana, anafanya kazi tunayomlipa kwa kodi, hiyo faragha yake ni ipi?

Mtu asidhani haya ni mambo madogo ya simu na memori kadi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatujasahau Septemba 2, 2012, kijiji cha Nyololo kule Mufindi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Iringa Press Club, alikwenda kazini na kamera yake, chama cha upinzani cha Chadema kilikuwa kinafungua tawi, hakurudi. Alipigwa bomu la machozi kwa karibu kabisa, tumboni. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi hii, gazeti lilipofika stendi lenye picha yake akiwa katikati ya askari wenye kofia ngumu nililinunua na nimelitunza hadi leo, limeshageuka rangi. Maneno yalikuwa mengi siku zile, huyu anasema hivi yule anasema vile, lakini picha walizopiga wenzake waliokuwa pale ndizo zilizoonyesha Mwangosi alikuwa na nani dakika zake za mwisho. Julai 2016 Mahakama Kuu pale Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Karibu miaka minne, lakini ilifika. Sasa nifikirie mimi, kama siku ile kule Nyololo askari wangepita kwa kila mwenye kamera wakasema lete, fungua, futa, tungekuwa na nini mkononi? Tungekuwa na mwili na maneno tu.

Jirani zetu Kenya yaliwakuta Juni 17 mwaka 2025 katikati ya Nairobi, kijana muuza barakoa alipigwa risasi ya kichwa na polisi kwa karibu, kamera zinaona. Wiki mbili hazikuisha akafariki. Lakini kwa sababu watu walirekodi, hakuna aliyeweza kusema alikuwa na silaha au alikuwa anakimbia, haikuchukua muda maaskari wakakamatwa na kesi ikaenda mahakamani. Na Marekani, kesi ya George Floyd wa Minneapolis mwaka 2020, taarifa ya kwanza ya polisi ilikuwa inaongelea mtu aliyepata tatizo la kiafya, ni binti wa miaka 17 tu aliyesimama pembeni ya barabara na simu yake ndiye aliyefanya dunia ijue kuna goti lilikuwa shingoni.

Na polisi wazuri nao wanasaidiwa na hizihizi simu, hili nimeliona kwa macho. Mwaka juzi hapa kwetu kondakta mmoja alimsingizia trafiki wa kike kwamba kamchania shati na kamnyang'anya hela, watu wakaanza kujaa, mawe yakaanza kuokotwa. Kijana wa bodaboda akasema jamani mimi nimerekodi tangu mwanzo, akaizungusha simu watu wakaangalia, kumbe kondakta alijichania mwenyewe. Kundi likatawanyika. Yule dada trafiki alikuwa anatetemeka, alimshika yule kijana mkono hakuuachia kwa muda. Hakumuuliza una kibali.

Ninachoomba sio kikubwa. Namwomba IGP, mkuu wa Jeshi la Polisi, atoe waraka, ukabandikwe kila kituo na usomwe kwenye paredi ya asubuhi, kwa Kiswahili cha kawaida, useme mwananchi akirekodi kwenye eneo la wazi bila kuingilia kazi asiguswe, askari akitaka kuchukua simu au kamera kama ushahidi afuate sheria na atoe risiti, na askari yeyote haruhusiwi kufuta picha ya mtu, haijalishi ina nini. Na anayevaa kiraia aonyeshe kitambulisho anapoulizwa, maana leo kibaka yeyote anaweza akanishika bega akaniambia lete simu fungua, nitajuaje? Wakufunzi kule chuo cha polisi Moshi (CCP) wawafundishe vijana hili wakiwa bado hawajaingia mtaani. Na gazeti lako Mhariri naomba liwaulize wahusika hilo swali langu la sheria ipi, mnaweza kulifikisha sehemu ambayo mimi sifiki.

Wiki iliyopita yule mama lishe amekuja kibandani kwangu. Alikuwa amepeleka malalamiko kwa mtendaji wa kata, anadai alipwe sufuria na meza na mtaji wa siku ile, wakamwambia alete ushahidi kwamba alimwagiwa, kwa maana maelezo waliyoyapata wao ni kwamba aliangusha mwenyewe wakati anakimbia. Mikono yake imeshapona ila vidole viwili vimebaki na alama nyeupe. Akaniuliza mwanangu, siku ile nilikuona umenyoosha simu, ile video si unayo? Nikamwambia mama, sina.

Ni mimi msomaji wako,
Mpiga picha wa mtaani,
Nyanda za Juu Kusini.