Kongamano la afya bila mizani yetu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandaa makongamano ya afya kwa watu wenye ulemavu.

Natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Mwezi uliopita nilihudhuria kongamano la namna hiyo, na mengi yalinifurahisha. Mlangoni palikuwa na njia ya mteremko, wakalimani wawili wa lugha ya alama walipokezana jukwaani, na ratiba ilichapwa pia kwa nukta nundu. Nawashukuru kwa dhati, maana nimewahi kupandishwa ngazi mzobemzobe ili nikasikilize hotuba juu ya utu wangu.

Kisha tukaenda kwenye banda la vipimo. Mizani ilikuwa ile ya kusimama juu yake. Muuguzi akaitazama, akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Dada, una kilo ngapi?" Sikuwa na jibu. Mara ya mwisho kupimwa uzito nilikuwa mtoto: baba alipanda kwenye mizani akiwa amenipakata, akapanda tena peke yake, kisha uzito wake ukatolewa kwenye ule wa kwanza.

Dawa nyingi hupimwa kwa kilo za mgonjwa. Sisi tunaokaa kutwa, tukikonda mifupa hukandamiza ngozi na kidonda huanza, mara nyingi mahali ambapo mwenyewe hapaoni wala hapahisi. Tukinenepa, mabega yanayosukuma kiti ndiyo huumia. Na mizani ya kutufaa ipo: unapanda na kiti chako, halafu kiti kinapimwa kitupu na uzito wake unaondolewa.

Kitanda cha uchunguzi nacho kilikuwa juu mno. Wanawake sita tuliokuwa kwenye foleni tuliulizana nani amewahi kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Ni mmoja tu, naye aliinuliwa kitandani na wanaume wawili asiowajua. Hakurudi tena.

Asubuhi hiyo msemaji alikuwa ametusomea ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022: watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mmoja katika kila sita, na wapo wanaokufa hadi miaka 20 mapema kuliko wenzao. Ripoti hiyo inasema wazi kwamba sehemu kubwa ya pengo hilo haielezwi na ulemavu wenyewe. Nilimsikiliza nikitikisa kichwa kukubali. Mchana, bandani, nikaliona pengo lenyewe.

Ninachoomba si kikubwa. Kabla ya kuwaalika wageni rasmi, tafuteni mizani pana, kitanda kinachoshuka na pazia. Mkalimani asiishie jukwaani. Nilimwona kijana kiziwi akiingia kwa daktari na mdogo wake wa kike, mtoto wa shule, ili amtafsirie maradhi yake. Alitoka ameinamisha kichwa. Asiyeona naye asomewe majibu yake faraghani, badala ya kupewa karatasi atakayolazimika kumwomba mpita njia amsomee. Na sisi wenyewe tuitwe mapema, wakati vifaa vinachaguliwa.

Kadi yangu ya siku ile ina presha, sukari na macho. Mbele ya neno "uzito" muuguzi alichora kistari. Nimeihifadhi, na kongamano lijalo nitakwenda nayo.

Msomaji wako,
Mtumiaji wa kiti cha magurudumu