Banjo siyo ya wazungu jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi kwenye ukurasa wa burudani mmeiweka banjo, ile ala ya nyuzi yenye ngozi kama ngoma, kwenye muziki wa kizungu, hapo mmetuonea. Ile ala ilizaliwa Karibiani na Amerika mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani, na ndugu yake akonting mpaka leo inapigwa na Wajola wa Senegali na Gambia, kibuyu, ngozi, mpini wa fimbo na nyuzi tatu basi.

Sisi wachache huku Marekani tunatengeneza zile za kizamani, za kibuyu. Unakata kibuyu kikavu ubavuni, unaloweka ngozi ya mbuzi mpaka ilainike, unaivuta na kuipigilia misumari midogo kuzunguka mdomo, ikikauka inajikaza yenyewe mpaka ukigonga inalia kama ngoma. Shingoni hakuna vile vyuma vya kugawa sauti, kidole ndo kinatafuta noti, na mgeni lazima atoke jasho. Siku ya mvua ngozi inalegea, tunaisogeza karibu na hita tunapiga stori kwanza.

Kupiga nako, ukucha unashuka chini kwenye nyuzi halafu dole gumba linadonoa uzi mfupi, ule mmoja usiofika urefu wa wenzake. Kuna wanaosema huo uzi mfupi aliubuni Joel Sweeney, mzungu wa Virginia aliyezaliwa 1810, wakati mchoro wa Carolina Kusini wa mwishoni mwa karne ya 18 unaonyesha mtu mweusi kakaa anapiga banjo, na uzi mfupi upo!

Naomba mrekebishe, na mkiweza mtoe na picha ya akonting.

Msomaji wenu, Marekani