Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Tofali za Kufungamana kwa Mgeni Rasmi, Kongamano la Ujenzi Endelevu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Waheshimiwa madiwani, wahandisi, mafundi wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko licha ya majukumu mengi.

Kikundi chetu kilianzishwa na vijana wachache waliopata mafunzo ya Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa: tumejenga ofisi ya kijiji, vyoo vya shule ya msingi, na nyumba ya mwalimu ambayo ni kielelezo kwa mkoa mzima.

Tangu asubuhi wataalamu wametueleza kwamba saruji peke yake huchangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu. Tumesikia pia habari za Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso, aliyejenga shule ya kijijini kwao Gando kwa udongo, na mwaka 2022 akatunukiwa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani. Tumefarijika sana, maana udongo ndio kazi yetu. Tofali letu lina meno yanayokamatana na la jirani, hutumia saruji kidogo, hushindiliwa, humwagiliwa maji kivulini, wala halihitaji kuni za tanuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo lililotuleta mbele yako ni moja: mashine ya kushindilia tofali. Tunayo moja ya mkono, na kalibu yake, yaani chombo kinacholipa tofali umbo, imelika. Kalibu ikilika, tofali hutoka na vimo tofauti, meno hayakamatani, na fundi hulazimika kusawazisha kila kozi, yaani kila safu ya tofali, kwa saruji. Ile saruji tuliyokusudia kuiokoa tunairudisha ukutani. Mteja akiona hivyo anakwenda kununua tofali za kuchoma, na miti inazidi kukatwa.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mashine hadharani, tukapiga vigelegele. Wa mwaka jana alitutaarifu kuwa mchakato uko hatua za mwisho. Tunawaheshimu wote wawili na tunaamini walisema kwa nia njema. Lakini vijana wetu walisubiri hadi baadhi yao wakaacha ufundi wakaenda kuendesha bodaboda, na tulipofuatilia barua tuliambiwa faili linatafutwa.

Kwa unyenyekevu mkubwa, safari hii tunaomba tupewe tarehe, pamoja na jina la ofisa tutakayemwona Jumatatu. Ikiwa fungu la kununua mashine halipo, basi maombi yetu ya mkopo unaotoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi yajadiliwe, nasi tutaurejesha kwa mauzo ya tofali. Hatuombi posho, wala hatuombi ahadi nyingine.

Tumeambatanisha nakala za barua zetu zote za nyuma, pamoja na profoma (hati ya bei kutoka kwa muuzaji) ya mashine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.